Chakula cha Degu Madukani: Kipi Ununue, Kipi Ukiache Rafuni

Kwa aliye dukani mfuko mkononi: nyasi kavu za timothy ndizo chakula chenyewe, peleti za rangi moja zisizo na molasi ni nyongeza, majani mabichi yawe kidogo kila siku, na ule mchanganyiko wa rangirangi wenye mahindi na zabibu kavu uuache hapo hapo, hata kama umeandikwa "degu" kwa herufi kubwa. Mwenye nafasi ya kusoma sababu na vipimo aendelee.

Degu ni mgugunaji wa Chile ya kati, aliyeelezwa kisayansi na Juan Ignacio Molina mwaka 1782. Mtu mzima huwa na uzito wa gramu 170 hadi 300. Mkia wake unaweza kukudanganya ukadhani ni panya, lakini jamaa zake wa karibu ni chinchila na simbilisi. Huko kwao huishi penye vichaka na nyasi zinazokauka miezi mingi ya mwaka, akila majani, magome, mbegu, na wakati wa uhaba hata kinyesi cha ng'ombe na farasi. Tumbo lake limezoea chakula kigumu, chenye nyuzinyuzi nyingi na sukari kiduchu. Maduka ya Ulaya na Amerika Kaskazini, ambako hufugwa majumbani, mara nyingi humuuzia kinyume chake.

Shida ya kwanza ni sukari. Insulini ya degu imejengeka tofauti sana na ya wanyama wengi wanyonyeshao, na uwezo wake wa kushusha sukari ya damu ni mdogo. Akilishwa vitamu anapata kisukari kwa urahisi. Macho ndiyo huumbuka mapema: ndani ya lenzi ya degu kuna kimeng'enya kikali kinachogeuza glukosi kuwa sorbitoli, sorbitoli haitoki, inavuta maji, na lenzi inaingia ukungu. Mtoto wa jicho wa namna hiyo huweza kujitokeza katika wiki chache tu tangu sukari ipande, na ukibadili chakula baadaye lenzi hairudi kuwa safi. Ni kweli kwamba wako degu wenye mtoto wa jicho wa kurithi ambao hawana kisukari, kwa hiyo jicho jeupe peke yake si hukumu. Ila likiambatana na kunywa maji kupita kiasi, tandiko linalolowa haraka na uzito unaoshuka, usisubiri: nenda kwa daktari wa wanyama anayewajua wagugunaji.

Shida ya pili ni meno. Anayo 20, na yote, magego pia, hayakomi kukua. Nyasi ndefu humlazimisha asage kwa kupeleka taya kando, na huko ndiko magego yanakopunguka. Peleti hupondwa kwa kuuma juu na chini mara chache, zikaisha. Degu anayeshiba peleti kabla ya kufika kwenye nyasi huota ncha kali zinazokata ulimi na mashavu, na mizizi ya meno husukumwa kurudi kwenye mfupa hadi ikabana njia ya pua. Wengi hupelekwa hospitali kwa "mafua" kumbe ni magego. Meno ya mbele ya degu mzima yana rangi ya chungwa iliyokolea. Yakipauka kuelekea weupe, kagua lishe na umwone daktari.

Nyasi kavu: hapa ndipo fedha iende

Timothy ndiyo chaguo la kwanza, kisha nyasi mchanganyiko za malisho na zile ziitwazo orchard grass. Wafugaji wa Kenya wanaojua boma rhodes watazielewa mara moja: zote ni nyasi halisi zenye mashina, kalsiamu ya wastani na protini ya wastani. Alfalfa haimo kundi hili. Ni jamii ya kunde, ina protini na kalsiamu nyingi, na inafaa kwa jike mwenye mimba, anayenyonyesha, na watoto wanaokua. Kwa degu mzima ni kionjo tu, kwani kalsiamu ya ziada hutoka na mkojo na huweza kuacha unga mzito au mawe kwenye kibofu.

Usinunue kwa jina la mfuko. Angalia mashina: yawe marefu kupita kidole, si makombo. Rangi iwe kijani, hata kijani kilichopauka kidogo, lakini si kahawia tupu. Ukifungua inuse, harufu iwe ya majani makavu yaliyo safi. Harufu ya chumba chenye unyevu ni ukungu, irudishe dukani. Kisha chukua konzi moja uikung'ute juu ya karatasi nyeupe. Vumbi la kufunika karatasi linaingia kwenye mapafu ya mnyama mdogo kila anapozamisha kichwa kula. Nyasi zilizogandamizwa mpaka zikawa tofali ni rahisi kusafirisha, ila mashina mengi huwa yamevunjika, na katikati ndiko unyevu hujificha. Vunja tofali lote ulikague siku uliyolinunua.

Mavuno ya kwanza ya msimu huwa na mashina mengi na masuke, magumu, bora kwa meno. Mavuno ya pili huwa laini, majani mengi, na ndiyo degu wachaguzi huyapenda. Ukiweza, changanya. Kampuni ya Oxbow ya Nebraska, Marekani, imejenga jina lake kwa timothy iliyofungwa kwenye mifuko midogo. Ni safi, ila kwa kilo ni ghali ukilinganisha na nyasi za mkulima wa jirani. Kwa anayekaa Ujerumani, Uholanzi au Uingereza, banda la farasi lililo karibu huuza nyasi nzuri kwa bei ya chini mno. Uliza zimevunwa lini na kama zililoa mvua shambani.

Kiasi hakina kikomo. Kila degu apate kila siku rundo kubwa kuliko mwili wake, na jipya litiwe hata kama la jana halijaisha, maana yaliyobaki ni yale aliyoyakataa au aliyoyakojolea. Hiyo si hasara, atayafanya tandiko. Epuka nyavu laini za kuning'iniza nyasi, kwa sababu mguu hunasa. Chombo cha waya wenye nafasi ya kutosha, au rundo sakafuni mahali pakavu, panatosha.

Peleti: soma nyuma ya mfuko, si mbele

Kwenye peleti ndipo wanunuzi wengi hudanganyika, na lebo nayo haisaidii sana. Sheria ya Ulaya humtaka mtengenezaji aandike protini ghafi, mafuta ghafi, nyuzinyuzi ghafi na majivu ghafi, yaani madini yanayobaki chakula kikichomwa. Sukari haimo kwenye orodha ya lazima. Malighafi huandikwa kwa mpangilio wa uzito, ya kwanza ikiwa nyingi kuliko zote, lakini inaruhusiwa kuziandika kwa makundi: "nafaka", "mazao yatokanayo na mimea", "sukari mbalimbali". Kundi hilo la mwisho likionekana popote pale, weka mfuko chini. Vivyo hivyo molasi, asali, sharubati, matunda yaliyokaushwa na karobi.

Vipimo tunavyovitaka sisi kwa degu mzima ni hivi: nyuzinyuzi ghafi zisipungue 18%, protini kati ya 12 na 16%, mafuta yasizidi 4%, na kalsiamu kati ya 0.6 na 1% ikiwa ni mara moja na nusu hadi mara mbili ya fosforasi. Malighafi ya kwanza iwe nyasi, si ngano wala mahindi.

Ili ujue lebo inaficha nini, fanya hesabu hii: 100 toa protini, mafuta, nyuzinyuzi, majivu na maji. Maji yasipoandikwa weka 11, kwa kuwa chakula kikavu hulazimika kuyataja yakipita 14% tu. Peleti yenye protini 15, mafuta 3, nyuzinyuzi 20 na majivu 8 inabakiza 43. Ile yenye protini 15, mafuta 5, nyuzinyuzi 11 na majivu 5 inabakiza 53. Baki hilo ni wanga, sukari na sehemu ya nyuzinyuzi ambayo kipimo cha "ghafi" hakiikamati, kwa hiyo usiseme lote ni sukari. Lakini mifuko miwili ikishindana, ule wenye baki kubwa na ngano juu ya orodha ndio wenye wanga zaidi.

Versele-Laga ya Ubelgiji huuza kwa jina la chinchila na degu peleti za namna moja, Complete na Crispy Pellets. Faida ya wazi ya umbo hilo ni kwamba kila punje ni sawa na nyingine, hivyo mnyama hana cha kuchagua. Ila viwanda hubadili malighafi bila kubadili picha ya mfukoni. Hesabu ya hapo juu irudie kila unaponunua, hata kama mfuko unafanana na wa mwaka jana.

Kiasi: karibu gramu 10 kwa degu mmoja kwa siku, na 5 zinatosha kwa mnene anayekula nyasi vizuri. Pima kwa mizani ya jikoni mara moja, weka alama kwenye kijiko, kisha tumia kijiko hicho. Degu hafai kuishi peke yake, na wawili wakiwa na bakuli moja mbabe hula mgao wa mwenzake. Tumia bakuli mbili mbali mbali, au tawanya peleti ndani ya nyasi wazitafute. Kutawanya ni bora zaidi kwa sababu wanakula nyasi njiani.

Mchanganyiko wa rangirangi

Alama yake kwetu ni sifuri. Mfuko mmoja hujumuisha mahindi yaliyobanjwa, njegere, mbegu za alizeti, karanga, vipande vya karoti kavu, wakati mwingine ndizi. Mtengenezaji anaweza kuonyesha lebo yenye wastani unaovutia, lakini wastani ule ni wa mfuko mzima, na degu hali mfuko mzima. Anaanza na alizeti, ambayo kiini chake ni mafuta kwa karibu nusu ya uzito, anamalizia mahindi, na peleti za nyasi, zile zilizobeba kalsiamu na vitamini, anaziacha. Mwenye nyumba akiona bakuli lina chakula hudhani degu kashiba. Asubuhi tazama kilichobaki chini ya bakuli: hicho ndicho chakula ambacho degu wako hapati.

Na usitulizwe na neno "mboga". Karoti mbichi ina sukari karibu 5%. Ikaushe, maji yanaondoka, sukari yote inabaki kwenye kipande chepesi kinachomezwa kwa sekunde.

Ukikosa peleti za degu

Peleti za chinchila ni mbadala mzuri, na mara nyingi zinashinda mfuko wenye picha ya degu, mradi zipite vipimo vile vile. Za simbilisi zinafaa kwa muda. Zimeongezwa vitamini C, ambayo haina shida, lakini baadhi yake zimetiwa molasi, basi soma. Za sungura wa nyumbani ni chaguo la mwisho. Za sungura wa kufugwa kwa nyama usiguse: mara nyingi huwa na dawa ya kuzuia koksidia (vimelea vya utumbo), ambayo kipimo chake kilikusudiwa mnyama mwingine kabisa. Vyakula vya panya na hamsta vina nafaka na mafuta kupita uwezo wa degu, na vya paka na mbwa havina hata cha kujadili.

Vitafunwa

Vijiti vya nafaka vilivyogandishwa kwa asali, matone ya yogati, vipande vya matunda makavu: vyote hivi vimewekwa karibu na mahali pa kulipia kwa sababu vinamfurahisha mnunuzi. Achana navyo. Majani na maua makavu, kama ya dandelioni na ya mmea wa kiwavi (nettle), yanafanya kazi ile ile ya kumzoesha mkono wako. JR Farm ya Ujerumani huuza mifuko mingi ya mimea mikavu ya aina hiyo. Chagua ya mmea mmoja, kwani "mchanganyiko wa shambani" huenda ukawa umefichwa tufaha au karoti ndani yake. Mbegu moja ya alizeti, mara mbili au tatu kwa wiki, haimdhuru mwenye afya. Mwenye kisukari hata hiyo asipewe bila daktari.

Matawi ya mtufaha, mhazeli na mwiliti (willow) ambayo hayakupuliziwa dawa ni kitafunwa na kifaa cha meno kwa pamoja. Matawi ya mcheri na mplamu tunayaacha, kwa kuwa yana viambata vinavyotoa sayanidi.

Mboga za sokoni

Hizi zinapatikana kwenye duka lolote la Mturuki au Mhindi mtaani, na ni rahisi kuliko chochote kilicho kwenye duka la wanyama. Kotimiri, majani ya figili, chikori, majani ya saladi ya rocket, kipande cha pilipili hoho ya kijani, tango kidogo. Kipimo ni kiasi cha kijiko kimoja cha chakula kwa kila degu kwa siku, kikiwa kimeoshwa na kukaushwa maji. Anayeanza apewe kipande cha ukubwa wa ukucha, aina moja kwa wakati, usubiri siku moja uone kinyesi. Kinyesi cha kawaida ni punje kavu, ndefu kiasi, kahawia ya kukoza. Kikilainika ondoa mboga hiyo, bakiza nyasi. Ukimwona anakula baadhi ya punje zake mwenyewe usimzuie. Ndivyo anavyorudisha virutubisho vilivyotengenezwa na bakteria wa utumbo mpana.

Sukuma wiki na brokoli ni kwa uchache, kabichi afadhali isiwepo, kwa sababu ya gesi. Spinachi ina oksaleti nyingi inayofunga kalsiamu. Isiwe ya kila siku. Vitunguu, vitunguu saumu, parachichi, rubabu (rhubarb) na viazi mviringo vibichi havimhusu degu kabisa. Matunda yote, embe na ndizi zikiwa mbele, ni ya kwako wewe.

Matofali ya madini na chumvi ya kulamba hayahitajiki pale peleti zinapokuwa kamili. Vitamini za matone ndani ya maji ni mbaya kuliko kutokuwa nazo: ladha hubadilika, mnyama hupunguza kunywa, na nguvu ya vitamini hupotea mapema. Maji safi kila siku, kwenye chupa ya kioo au yenye kinga ya chuma, maana ya plastiki wataitoboa.

Ukubwa wa mfuko

Degu wawili kwa gramu 10 kila mmoja hutumia gramu 600 kwa siku 30. Mfuko wa kilo 1.5 utakwenda siku 75, na huo ndio ukubwa unaofaa. Mfuko wa kilo 5 unavutia kwa bei, lakini utadumu siku 250, na ukishafunguliwa vitamini A na E hupungua na mafuta huanza kuchacha kabla hujafika nusu. Mwenye degu wawili asiupokee hata kwa punguzo, labda agawane na mwenzake. Peleti zikae ndani ya mfuko wake, mfuko ndani ya chombo chenye kifuniko, mahali pakavu. Nyasi kinyume chake: zinahitaji hewa, ziwekwe kwenye boksi la karatasi au gunia la kitambaa, kamwe si kwenye plastiki iliyofungwa.

Unapomchukua degu kutoka dukani au kwa mtu aliyekuwa akimlisha mchanganyiko, omba akupatie chakula chake cha zamani cha wiki mbili. Siku tatu za kwanza mpe robo ya peleti mpya na robo tatu za zamani, siku nne zinazofuata nusu kwa nusu, kisha robo tatu mpya kwa siku nne, halafu mpya tupu. Nyasi ziwepo bila kikomo tangu saa ya kwanza. Mpime kila siku mbili, asubuhi kabla ya kumtilia chakula, na uandike. Akipungua zaidi ya 10% ya uzito aliokuja nao, au akikaa nusu siku bila kula huku amejikunyata, simamisha mabadiliko, mrudishie alichozoea na umpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo, kwani utumbo wa degu ukisimama kufanya kazi haungoji kesho. Wengine hugoma peleti mpya kwa ukaidi tu huku wakila nyasi kwa bidii na uzito umetulia. Hao waache wagome.